SOMO LA NDOA: Ridhaa ya Wachumba, na Mafunzo ya Mchezo Mmoja wa Kihindi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, somo letu la mara hii ni katika mlango wa ndoa, na khasa katika jambo la posa na ridhaa ya wenye kuoana. Nasi tumeona tulianze kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi yenu, nayo ni kisa cha mchezo wa sinema wa Kihindi. Huenda mtu akatuuliza: "Waraka wa dini una haja gani na sinema?" Jawabu yetu ni kwamba michezo hii si migeni katika miji yetu ya pwani. Babu zetu na bibi zetu waliitazama katika majumba ya sinema ya Mombasa, na leo yaingia majumbani mwetu kwa televisheni na kwa simu za mkononi bila ya kupiga hodi. Kitu kilichokwisha ingia nyumbani, kukinyamazia si kukitoa. Ni bora mwenye nyumba akitazame kwa jicho la sharia, akatae lenye kukataliwa, na achukue funzo penye funzo. Katika mchezo tutakaoutaja mna nyimbo, na mavazi, na ibada za dini nyingine, ambazo sisi hatuziridhii, na hayo twayaacha. Tulitakalo ni kisa chake, kwani watu wa kisa hicho si wa dini yetu, lakini kosa lao ni kosa letu.

KISA CHENYEWE

Mchezo huo waitwa Dum Laga Ke Haisha. Maneno haya ni ukelele wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja, kama sisi tusemavyo "Harambee!" Mwenye kuuongoza ni Sharat Katariya, nao ulionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 2015, na katika tuzo za taifa za India ukahesabiwa kuwa ndio mchezo bora wa lugha ya Kihindi kwa mwaka huo. Ni mchezo wa kuchekesha, lakini kicheko chake kina uchungu ndani yake.

Kisa chapita katika mwaka 1995, katika Haridwar, mji wa Wahindu ulio kando ya mto Ganges. Yupo kijana aitwaye Prem, ambaye hakumaliza masomo yake kwa kushindwa na Kiingereza, naye hushinda katika duka la kanda za nyimbo. Nyumbani kwao yumo baba, na mama, na shangazi aliyeachwa na mumewe. Mali si nyingi. Jamaa zake wakamtafutia mke, wakampata binti aitwaye Sandhya, msichana aliyesoma akahitimu mafunzo ya ualimu, mwenye akili na ulimi ulio tayari. Ila ni mnene wa mwili. Prem hakumtaka. Lakini wazee walikwisha piga hesabu zao: binti ana elimu, atapata kazi, na mshahara utaingia nyumbani. Kijana akashurutishwa, naye akanyamaza, na harusi ikawa.

Baada ya harusi Prem akawa aona haya kutembea na mkewe njiani. Siku moja, katika harusi ya rafiki yake, huku amelewa, akasimama mbele ya watu akamdhihaki mkewe kwa maneno mazito, hatta akataja mambo ya kitandani. Mkewe alikuwapo, akasikia. Akampiga mumewe kofi hadharani, na mume akamrudishia. Na mwanamke akarudi kwao, kisha akadai talaka mahakamani. Hakimu akawaamuru wakae pamoja kwa muda wa miezi sita kwanza. Katika miezi hiyo wakawa wakitetana kwa nyimbo za kanda, huyu akiweka wimbo wa kumuumiza yule, na yule akimjibu kwa mwingine, kama vile wanawake wetu watumianavyo maneno kwa majina ya leso. Kidogo kidogo kila mmoja akaanza kumjua mwenziwe. Mwisho wakaingia katika mashindano ya mbio ambayo mume humbeba mkewe mgongoni. Prem akambeba Sandhya mbele ya mji mzima, nao wakashinda.

Hicho ndicho kisa. Sasa natuyatazame mafunzo yake moja baada ya moja.

FUNZO LA KWANZA: KIJANA MWANAMUME NAYE ANA RIDHAA

Twazungumzapo habari ya ndoa za kulazimishwa, sote humkumbuka binti. Mchezo huu umetukumbusha ya kuwa aliyelazimishwa huenda akawa ni mwana mume. Na katika sharia hapana khitilafu juu ya jambo hili: mwanamume aliye baleghe na mwenye akili timamu haozwi ila kwa ridhaa yake. Babaye hana mamlaka ya kumshurutisha, kwani mwenye kukubali nikahi ni yeye mwenyewe, na mahari na masurufu yatakuwa shingoni mwake.

Lakini katika miji yetu twamshurutisha kwa silaha nyingine, nayo ni radhi. Mzazi amwambia mwanawe: "Ukimkataa binti wa ndugu yangu, huna radhi zangu." Kijana ambaye amelelewa kuogopa kukosa radhi kuliko kuogopa moto hutoka amekubali kwa ulimi na moyo wake umekataa. Enyi wazazi wetu, radhi ni amana mliyopewa, si fimbo. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya amebainisha ya kuwa mzazi hana haki ya kumlazimisha mwanawe kuoa asiyemtaka, na kwamba mwana akikataa hawi katika walioasi wazazi wao. Naye amepiga mfano wa chakula: ikiwa mtu halazimishwi kula chakula asichokitaka, na tabu ya chakula ni ya saa moja tu, vipi atalazimishwa kuishi umri wake na mtu asiyemtaka?

Na hebu tazameni nani aliyelipa deni la shuruti ile. Prem hakumkasirikia babaye, kwani hakuthubutu. Hasira yake yote ikamwangukia Sandhya, ambaye hakumkosea neno. Hii ndiyo dhuluma iliyojificha katika ndoa za namna hii: mwenye kushurutisha hustarehe, mwenye kushurutishwa hulipiza, na anayelipizwa ni mgeni aliyeingia nyumbani kwa nia njema. Wangapi katika mabinti zetu wameishi miaka na waume wasiowatazama, wakidhani kasoro ni yao, kumbe waliolewa na watu waliosukumwa?

FUNZO LA PILI: RIDHAA YA BINTI

Hapa msomaji wa fiqhi atatukumbusha ya kuwa sisi watu wa pwani ni Mashafii, na katika madhehebu ya Imam Shafii baba, na babu mzaa baba akikosekana baba, ana haki ya kumwoza bikira bila ya kumtaka idhini. Hatukatai ya kuwa kauli hiyo imo vitabuni. Lakini wengi waikumbukao haki hii huyasahau masharti yake. Wanavyuoni wetu wamesema: pasiwe na uadui ulio dhahiri baina ya binti na babaye, mume awe kufu yake, awe na uwezo wa kutoa mahari, na mahari yawe yale ya mfano wake. Juu ya hayo wamesema ni sunna kumtaka ushauri. Wala haki hiyo hawanayo kaka, wala ami, wala mjomba. Na aliyekwisha kuolewa kabla, haozwi tena ila kwa idhini yake iliyo wazi. Basi yule ami amwozaye binti wa ndugu yake aliyekufa, bila ya kumwuliza, asijifunike kwa kanzu ya Imam Shafii, kwani si yake.

Tena Imam Abu Hanifa amesema bikira aliye baleghe hashurutishwi kabisa, na kauli hiyo ndiyo waliyoielekea Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim. Nasi twaona ndiyo iliyo karibu zaidi na mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Imepokewa na Bukhari ya kuwa Khansa binti Khidam, mwanamke wa Kiansari aliyekwisha kuolewa kabla, aliozwa na babaye kwa mtu asiyemtaka. Akaenda kwa Mtume, naye akaivunja nikahi ile. Na katika mapokezi ya Nasai na Ibn Majah kuna kisa cha msichana aliyeozwa na babaye kwa mtoto wa ami yake. Mtume akampa khiari. Yule msichana akasema ya kuwa amelipitisha alilolifanya babaye, ila alitaka wanawake wajue kwamba jambo hili si la baba peke yake. Mtazameni msichana huyu jinsi alivyokuwa na adabu na akili pamoja: hakumfedhehi babaye, wala hakuiacha haki ipotee.

Na sheria ya nchi yetu nayo yasema hivyo hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, imeijenga ndoa juu ya hiari ya wenye kuoana, na sheria ya ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18.

FUNZO LA TATU: KUTAZAMANA NA KUSEMA KWELI

Mtume (S.A.W.) alimwamuru Mughira bin Shuba amtazame mwanamke aliyetaka kumposa, akamweleza ya kuwa hilo ndilo linalofaa zaidi kudumisha mapenzi baina yao. Na Mashafii wameruhusu atazame uso na viganja, hatta kwa kukariri, bila ya kukaa naye faragha. Lakini kutazama kumewekwa kwa nini? Kumewekwa ili mtu apate kusema "ndiyo" au "la". Prem alimwona Sandhya kabla ya harusi, na hakumpenda. Faida gani ya jicho, ikiwa ulimi umefungwa? Mila zetu nyingi za leo zimefanana na hayo: kijana apelekwa kutazama baada ya tarehe kuwekwa na kadi za mwaliko kuchapishwa. Huko ni kutazama mzigo uliokwisha kutwikwa.

Na mwenye jukumu kubwa hapa ni mshenga. Mshenga wa kweli ni yule asemaye yaliyopo. Fatima binti Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm alimshauri Mtume, naye akamwambia wazi wazi: mmoja ni fakiri asiye na mali, na mwingine fimbo yake haitoki begani, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd, na Fatima akaona kheri katika ndoa ile. Kisa hiki kimepokewa na Muslim. Wanavyuoni kama Imam Nawawi wameeleza ya kuwa kutaja aibu ya mtu kwa kumnasihi anayetaka kuoana naye si katika usengenyi uliokatazwa. Lakini mshenga wetu aficha deni la kijana, aficha ulevi wake, aficha mke aliye naye mji mwingine. Na upande wa pili naye aficha maradhi ya binti. Kisha huitwa mpatanishi! Huyu ni dalali, na bidhaa yake ina kasoro aliyoijua.

Wazee hutuambia ya kuwa mchagua nazi hupata koroma. Ni kweli, na kijana atakaye uzuri wa sura peke yake, au binti atakaye magari na majumba, na aizingatie mithali hiyo. Lakini aliyetiwa koroma mkononi na mwingine, haambiwi ya kuwa ndiye aliyechagua vibaya.

FUNZO LA NNE: ULIMI WA MUME

Tuseme sasa nikahi imekwisha kupita, na mume hakumpenda mkewe. Afanye nini? Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 19, tukae na wanawake kwa wema, na ametukumbusha ya kuwa huenda mtu akakichukia kitu na Mwenyezi Mungu ametia ndani yake kheri nyingi. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 11, ametukataza kuwacheka wenzetu na kuwaita kwa majina ya kuwaudhi, akawataja wanaume na wanawake kila mmoja mbali. Unene, na wembamba, na weusi, na ufupi, vyote ni kazi ya Muumba. Mwenye kuicheka kazi, amcheka nani?

Kosa la Prem lilikuwa kubwa zaidi, kwani aliyataja ya kitandani mbele ya rafiki zake. Imepokewa na Muslim ya kuwa katika watu wabaya kabisa wa daraja Siku ya Kiyama ni mtu anayemwendea mkewe kisha akaeneza siri yake. Vijana wetu na wajiulize wanazungumza nini barazani na katika vikundi vyao vya simu usiku.

Na hapa mchezo huu umesema jambo la haki. Tusi lilitolewa mbele ya watu, na heshima ikarudishwa mbele ya watu. Prem hakumtaka radhi mkewe chumbani kwa siri, huku mji mzima ukilikumbuka lile neno; alimbeba mgongoni mchana, wale wale waliocheka wakitazama. Nasi katika dini yetu twajua ya kuwa dhambi ya haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake, ila kwa kumrudishia mwenye haki haki yake. Aliyemvunjia mkewe heshima katika kikao, na amjengee heshima katika kikao.

FUNZO LA TANO: SULUHU NA TALAKA

Hakimu wa mchezo aliwapa miezi sita. Sheria ya ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955 ilitiwa kifungu katika mwaka 1976 kinachohusu talaka ya makubaliano, na humo mna muda wa miezi sita wa kungoja. Ni muda wa kupoza hasira. Sisi tumetangulizwa na lililo bora kuliko hilo: Mwenyezi Mungu ameamuru katika Suratun Nisaa, aya ya 35, wapelekwe waamuzi wawili, mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke, wenye nia ya kutengeneza. Aya hii twaisoma sana, na kuitenda ni nadra. Jamaa zetu huwa mashabiki badala ya waamuzi, kila upande ukimshangilia wake. Na shauri hufika kwa kadhi likiwa limekwisha oza.

Na suluhu ina mpaka wake. Mwanamke asiyeweza kuendelea hashikwi kwa kamba. Barira alipopata uhuru wake akamwacha mumewe Mughith, naye Mughith akawa amfuata njiani akilia. Mtume akamwombea kwake. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akaambiwa ya kuwa ni maombezi tu. Basi akakataa, na hakulaumiwa. Ikiwa Mtume (S.A.W.) hakumlazimisha Barira, nani katika sisi mwenye kulazimisha? Na mke wa Thabit bin Qays alipochukia kukaa naye, alirudisha bustani ya mahari, akaachwa.

Msimsahau na yule shangazi wa Prem, mwanamke aliyeachwa na mumewe na kubaki katika nyumba ya ndugu yake. Katika mchezo yeye ni wa pembeni, lakini mitaani mwetu ni wengi: wanawake ambao waume zao wamesafiri au wameoa kwengine, hawapewi masurufu wala talaka. Suratun Nisaa, aya ya 129, imekataza mke kuachwa kama kitu kilichotundikwa. Mwanamke wa namna hii na ajue ya kuwa mahakama ya kadhi, iliyowekwa na kifungu cha 170 cha Katiba, yaweza kusikiliza shauri lake, na ya kuwa mlango wa fasakhi upo kwa mume asiyeweza kumlisha mkewe.

TAHADHARI

Limebaki neno moja, nalo ndilo tulilolikusudia zaidi. Mchezo umemalizika kwa furaha, na mtazamaji aweza kutoka akisema: "Wazee walikuwa na haki, mapenzi huja baadaye." Ni kweli ya kuwa mapenzi huja baadaye katika ndoa nyingi zilizochaguliwa na wazee, na sisi hatuwapingi wazee kuchagua. Mzazi ana macho ambayo kijana hana, na ndoa nyingi zilizovunjika upesi ni zile zilizofungwa kwa macho ya kijana peke yake. Tunalopinga ni kuondoa neno la mwenye kuoa na mwenye kuolewa. Mtu akivuka barabara amefumba macho akafika salama, haifai tuwafundishe watoto wetu kuvuka hivyo. Mtungaji wa mchezo aliushika mwisho mkononi mwake. Wewe mzazi mwisho wa mwanao huushiki. Mwongozo wa mambo haya tumepewa: mzazi na achague, ashauri, aonye, kisha aulize, na anyamaze angoje jawabu, na jawabu ikiwa ni "la", aipokee bila ya kunyima radhi.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA DARASA

1. Ni nani katika jamaa mwenye haki ya kumwoza bikira katika madhehebu ya Imam Shafii, na kwa masharti gani?
2. Je, kijana aliyekataa mchumba wa wazazi wake huhesabiwa kuwa ameasi? Toeni dalili.
3. Mshenga anajua ya kuwa kijana ana deni kubwa. Aseme kwa nani, na aseme kwa kiasi gani?
4. Katika mtaa wenu, mke na mume wakigombana, ni nani huitwa kwanza? Je, ni mwamuzi au ni shabiki?
5. Mume amemdhihaki mkewe mbele ya watu, kisha amemtaka radhi faragha. Je, imetosha?

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie mapenzi na rehema nyumba zetu, awape wazazi wetu hekima ya kuuliza na vijana wetu adabu ya kujibu, na awafungulie njia wale waliotundikwa. Wabillahi taufiki.